Mbona Tena? Hotuba kwa Wanafunzi wa Chuo Kuhusu Dozi za Nyongeza

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye jioni ya afya ya wanafunzi chuoni. Wengi walikuwa fieldi, kwenye mafunzo ya vitendo nje ya chuo, wengine walibanwa na vipindi vya maabara, wakaomba hotuba iwekwe yote mahali pa kusomeka. Nimeiacha jinsi ilivyosemwa, isipokuwa picha za ukutani, ambazo hazikuongeza kitu.

Mshauri wa Wanafunzi, viongozi wa serikali ya wanafunzi, walimu wenzangu, wauguzi wa zahanati yetu, na ninyi wanafunzi wenyewe: habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja, na mitihani iko mlangoni. Mliosimama kule nyuma sogeeni, viti vya mbele vipo.

Naomba nianze na mikono. Nani hapa alichanjwa utotoni? Karibu wote. Haya, nani anakumbuka chanjo yake ya mwisho aliipata lini, na ilikuwa ya ugonjwa gani? Mikono imeshuka. Naiona ya wale wa udaktari na uuguzi, na ya mabinti waliochanjwa shuleni kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. La tatu: nani amewahi kuambiwa arudi kuchoma tena, akajiuliza moyoni, "Mbona tena?"

Sasa mikono imerudi yote. Jioni hii nimekuja kwa ajili ya swali hilo. Mbona tena? Nimelisikia kantini, nimelisikia kwenye ngazi za hosteli, nimelisikia zahanati, tena kwa vijana wenye akili timamu na matokeo mazuri. Na mara nyingi nimesikia likijibiwa kwa amri: "Chomeni, ni kwa faida yenu." Ndugu zangu, tunawafundisha miaka mitatu, minne, mitano, msikubali hoja isiyo na ushahidi. Ikifika kwenye mkono wa mwanafunzi mwenyewe, tumwambie anyamaze? Haiwezekani.

"Mbona tena" ni swali halali, na lina jibu. Lina majibu mengi, kwa kuwa kila ugonjwa una jibu lake. Ukiniuliza kama dozi za nyongeza ni nzuri au ni mbaya, sina la kukujibu. Niulize: ya ugonjwa gani? Kwa nani? Baada ya muda gani? Hapo tutazungumza.

Nianze na UVIKO-19, maana ndiko moyo wa wengi ulikojeruhiwa.

Kumbukeni mambo yalivyokwenda. Machi 2020 mgonjwa wa kwanza hapa Tanzania alithibitishwa Arusha. Ilipofika Mei, takwimu zikakoma kutangazwa, zikabaki palepale: wagonjwa 509, vifo 21. Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli aliwaonya Watanzania kuhusu chanjo, akihoji mbona hao wanaozileta hawajaleta ya UKIMWI wala ya malaria. Miezi sita baadaye, tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alikaa Ikulu, Dar es Salaam, akachanjwa mbele ya kamera, akawahimiza wananchi nao wachanjwe. Ni nchi ileile, ni mwaka uleule. Wengi wenu mlikuwa sekondari. Mliwaona wazazi wakijifukiza nyungu, kisha mkawaona baadhi yao wamepanga foleni ya sindano. Kijana aliyelelewa katika miezi hiyo akiuliza mara mbili kabla ya kukunja shati, mimi simwiti mjinga. Namwita shahidi.

Na chanjo iliyotangulia hapa kwetu ilikuwa ipi? Ya Johnson & Johnson, shehena ya dozi zaidi ya milioni moja kutoka Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Tuliisifu kwa lipi? Sindano moja, umemaliza. Sisi watu wa afya tulisimama kwenye viwanja, redioni, misikitini na makanisani, tukisema hivyo: moja tu, umemaliza. Haukupita mwaka. Desemba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza dozi ya pili ya chanjo hiyohiyo.

Mwanafunzi mmoja alikuja na cheti chake amekiwekea plastiki kisichanike, akakiweka mezani, akaniambia, "Mwalimu, mimi niliambiwa nimekamilisha. Nimekamilisha nini?"

Nimekamilisha nini? Swali zito hilo. Nilimjibu hivi, na ninyi nawajibu hivyohivyo. Mambo mawili yalibadilika. La kwanza ni muda: kingamwili, yaani silaha za mwili dhidi ya ugonjwa, zilizotengenezwa na chanjo zilianza kupungua baada ya miezi michache, na siku sindano inatolewa hapakuwa na mtu duniani aliyekuwa na miezi ya kutosha ya kuhesabu. La pili ni kirusi chenyewe. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waliitambua Omicron, aina iliyokwepa sehemu kubwa ya kinga iliyojengwa dhidi ya kirusi cha mwanzo. Aliyechanjwa aliweza kuambukizwa, ingawa kinga yake dhidi ya kulazwa na kufa ilishikilia vizuri zaidi. Dozi ya nyongeza ilizaliwa hapo.

Tatizo ni kwamba ahadi ilikuwa imeshatolewa. Tungesema tangu siku ya kwanza, "Hii inakukinga leo, na tukijifunza zaidi tutakurudia," swali la yule kijana lisingekuwa na uchungu ule.

Na kwa kuwa nadai ukweli, nami niuseme hadi mwisho. Machi 2023 wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani walipanga upya nani atangulie. Wakasema kijana mwenye afya njema, aliyekwisha kupata dozi zake za msingi na nyongeza moja, haelekezwi kuendelea kuchoma nyongeza nyingine kama utaratibu wa kawaida. Kwake faida iliyobaki ni ndogo. Wakasema pia nani asisahaulike: wazee, wenye kisukari na maradhi mengine sugu, wanaoishi na VVU, wajawazito, na wahudumu wa afya walio mstari wa mbele. Mnafikiri hao hawamo humu ukumbini? Wamo. Yupo anayejidunga insulini bwenini kila asubuhi. Yupo dada mjamzito anayewahi kipindi cha saa moja. Hao wakisikia "vijana hawahitaji" wanadhani wametajwa wao, na hawakutajwa.

Madhara je? Yapo, na lazima yatajwe. Chanjo za Pfizer na Moderna zilionekana kusababisha, kwa nadra, uvimbe wa misuli ya moyo, hasa kwa wavulana na vijana wa kiume, hasa baada ya dozi ya pili, na wengi walipona. Ile ya Johnson & Johnson ilihusishwa na kuganda kwa damu kwa watu wachache sana. Mliyasikia haya kwenye makundi ya WhatsApp kabla hamjayasikia kwetu. Hilo nalo lilitugharimu imani yenu.

Twende nyuma kidogo. Mnadhani "mbona tena" ilianza na UVIKO? Edward Jenner, daktari Mwingereza, alipomchanja mtoto dhidi ya ndui mwaka 1796, aliamini kinga ile ni ya maisha yote. Ulaya nzima ikaamini. Baada ya miaka kadhaa, watu wazima waliochanjwa utotoni wakaanza kuugua ndui. Jeshi la Prussia, dola ya Wajerumani ya zamani, likaamua mwaka 1834 kuwachanja upya askari wake. Vita vya Prussia na Ufaransa vilipokuja, 1870 hadi 1871, ndui iliwaua Wafaransa kwa maelfu, na upande ule uliochanjwa upya uliumia kidogo sana. Kwa hiyo jambo hili halikubuniwa juzi na kampuni ya dawa. Lina karibu miaka 200.

Ndani ya mwili hutokea nini? Dozi ya kwanza inaziamsha chembe nyeupe za damu zinazomtambua mdudu. Kwenye tezi, zile za kwapani na shingoni, chembe hizo zinazaana, zinabadilika, zinachujwa, zinabaki zile zinazomshika mdudu barabara. Kazi hiyo huchukua wiki, hata miezi. Nyingine hulala kama chembe za kumbukumbu. Dozi inayofuata ikija zimeshakomaa, kingamwili hupanda haraka, hupanda juu zaidi, na hudumu zaidi. Ndiyo maana tunasubiri mwezi, au miezi sita. Ule muda katikati ni sehemu ya chanjo.

Sasa nataka niwapeleke chuoni kwa wenzenu. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka wa masomo 2015 hadi 2016. Wanafunzi 20,496. Ukawaingia ugonjwa wa matumbwitumbwi, ule unaovimbisha mashavu. Mtasema hawakuwa wamechanjwa. La hasha! Katika kila 100, wanafunzi 98 walikuwa na angalau dozi mbili za utotoni. Na bado 259 waliugua. Kwa nini? Kwa sababu wanafunzi wanaishi kama mnavyoishi ninyi: vyumba vimejaa, chupa ya maji inazunguka, ukumbi mmoja, sherehe moja. Na kwa sababu dozi za utotoni zilikuwa zimechakaa. Waliochoma dozi ya pili miaka 13 au zaidi kabla ya mlipuko walikuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa makadirio mara tisa hadi kumi na nne, kuliko wale waliochoma karibuni.

Chuo na watu wa afya wakafungua vituo vya dozi ya tatu. Wanafunzi 4,783 wakaenda. Hawakufika hata robo. Nitazameni: hata kule, mlipuko ukiwa bwenini kwao, robo haikufika. Kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba kusitasita ni ugonjwa wa Waafrika.

Na ikawaje? Kati ya wanafunzi 1,000 waliobaki na dozi mbili, waliugua 14 na nusu. Kati ya 1,000 waliopata ya tatu, waliugua 6.7. Hatari ilipungua kwa zaidi ya nusu. Baada ya hapo Marekani ikapendekeza dozi ya tatu, lakini kwa nani? Kwa walio ndani ya mlipuko tu. Mlipuko ukiisha, mbili zinatosha. Mnaona jinsi jibu linavyokuwa la mahali na la wakati? Sisi hapa chanjo ya matumbwitumbwi haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto, tuna ya surua na rubela. Siwaambii mwende mkaitafute kesho. Ila kaka zangu mnaoogopa chanjo kwa sababu ya uzazi, jueni kwamba matumbwitumbwi yenyewe, ugonjwa wenyewe, huweza kuvimbisha korodani za kijana aliyekwisha kubalehe.

Nimegusa uzazi, basi nisipite. Hofu kubwa kuliko zote ninazokutana nazo hapa chuoni ni hiyo: "Wanataka tusizae." Ilikuwepo kabla ya UVIKO. Mwaka 2014, kwa jirani zetu Kenya, maaskofu Katoliki walitangaza kwamba chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakipewa wanawake wa miaka 14 hadi 49 ilichanganywa na homoni ya kuzuia mimba. Serikali ya Kenya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Lakini sikilizeni ushahidi uliowashika watu wa kawaida ulikuwa upi. Mbona wanawake tu? Mbona wa umri wa kuzaa tu? Mbona mara tano?

Mbona mara tano! Wingi wa dozi wenyewe ukageuka kuwa ushahidi wa hila. Na jibu lilikuwepo, jepesi, ila halikuwa limefika kijijini kabla ya tetesi. Kitovu cha mtoto kikikatwa kwa wembe mchafu, vijidudu vya pepopunda vinavyoishi udongoni huingia, na mtoto hukakamaa akafa ndani ya siku chache. Mama akiwa na kingamwili za kutosha humpitishia mtoto kabla hajazaliwa. Ndiyo maana wanawake, ndiyo maana umri wa kuzaa. Dozi ya kwanza, ya pili baada ya wiki nne, ya tatu baada ya miezi sita, ya nne baada ya mwaka, ya tano baada ya mwaka mwingine: hiyo ya tano inamlinda miaka yake yote ya uzazi. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga kama tatizo la afya ya jamii. Na mama zenu, wengi wao, walichomwa sindano hizo kliniki wakiwa na mimba zenu. Mkazaliwa. Na wadogo zenu wakazaliwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7. Ni uzazi upi uliozuiwa?

Wapo watakaosema, "Mwalimu, ninyi kila siku mnaongeza tu, hamjawahi kupunguza." Tumepunguza. Kadi ya njano mnaijua, ile ya homa ya manjano. Zamani ilikuwa inaisha baada ya miaka 10, msafiri achome tena. Ushahidi ulipoonyesha kwamba kinga inadumu, kanuni ya kimataifa ikabadilishwa: tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi tuliianza 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka 2022 wataalamu wakaona moja inatosha, na tangu 2024 Tanzania inatoa moja. Hakuna aliyeandamana wala aliyeandika makala kulalamikia dozi iliyoondolewa, kwa hiyo habari hiyo haikusambaa. Laiti ingesambaa.

Upande wa pili upo pia: nyongeza tuliyoisahau. Wavulana, hii ni yenu. Mlipokuwa wachanga mlipata dozi tatu zenye chanjo ya pepopunda. Dada zenu wakienda kliniki wataongezewa. Ninyi je? Ratiba yetu ya kawaida haikuwafuata tena. Shirika la Afya Duniani linapendekeza tatu za uchanga na tatu za nyongeza hadi ujana, kwa jinsia zote. Wengi wenu mna zile tatu za mwanzo, na zimechoka. Halafu nani anaanguka na bodaboda? Nani anachomwa na msumari mahali pa ujenzi wakati wa fieldi? Mpango wa tohara kwa wanaume wakubwa Afrika Mashariki na Kusini ulipokumbana na wagonjwa walioingiwa na pepopunda kupitia kidonda, ilionekana wazi kwamba wanaume wamekua bila kinga hiyo. Miaka yote tunabishana juu ya nyongeza moja ya UVIKO, hii haijadiliwi hata na mtu mmoja. Inaniuma.

Nina kisa kimoja zaidi. Merca, mji wa pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Kijana wa miaka 23, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Ndui ilikuwa karibu kwisha duniani. Gari likaja na watoto wawili wagonjwa, dereva hajui njia ya kwenda kambi ya kuwatenga. Ali akapanda kuwaelekeza. Mwendo wa dakika chache tu. Siku kadhaa baadaye akashikwa na homa, kisha vipele. Alikuwa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Alifanya kazi hospitali, chanjo ilikuwa ndani ya jengo analopikia. Mbona hakuwa nayo? Alieleza mwenyewe baadaye: aliogopa maumivu ya sindano.

Si siasa wala dini wala homoni. Aliogopa sindano. Wangapi humu ndio hao, na wanaona haya kusema, wanasingizia mabeberu? Ali alipona. Miaka mingi baadaye akajiunga na kampeni ya polio, akizunguka kwenye majumba akiwasimulia wazazi yaliyompata, na wakamsikia kuliko walivyosikia mabango. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa bado kwenye kazi hiyo. Mkiogopa sindano, mwambieni muuguzi. Atakulaza kitandani, atazungumza nawe, atamaliza. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka njoo uniambie.

Sasa ya vitendo, haraka. Wa udaktari, uuguzi, maabara, famasia: chanjo ya homa ya ini B ina dozi tatu, leo, baada ya mwezi, baada ya miezi sita. Najua mnalipia mfukoni. Najua ya tatu inaangukia wakati bumu, ile fedha ya mkopo, limekwisha. Mkichomwa na sindano ya mgonjwa mwenye kirusi hicho nanyi hamna kinga, hatari ya kuambukizwa inaweza kufika 30 katika 100, kubwa mno kuliko ya VVU kwa ajali hiyohiyo. Umechelewa? Huanzi upya, unaendelea ulipoishia. Ukimaliza tatu na una afya njema, hakuna nyongeza ya kila mara. Nimezungumza na serikali ya wanafunzi, watakiomba chuo kichangie hiyo ya tatu kabla ya fieldi, na barua yao mimi nitaitia sahihi.

Dada ambaye hana kadi ya pepopunda, aende zahanati aanze kuhesabu. Kaka, vivyo hivyo, uliza. Mwenye kisukari, mwenye pumu kali, anayetumia dawa za kufubaza VVU, mjamzito: ulizia nyongeza ya UVIKO kwa daktari wako, faraghani, bila kumweleza mtu kwa nini umekwenda. Wote, wapigieni simu nyumbani leo, mama au bibi aitafute kadi yenu ya kliniki ya utotoni, aipige picha, awatumie. Wauguzi wetu wataisoma pamoja nanyi.

Yangu yameisha. Kipaza sauti kiko kwa ndugu yenu pale katikati. Atakayeuliza "mbona tena," ataje na ugonjwa anaoulizia.